Leso ya Philadelphia

Kanga ina pindo, mji na jina. Nikiona kitambaa chochote cha mraba chenye ukingo wa mapambo, macho yangu hutafuta vitu hivyo vitatu kwa mpangilio huo, hata kama kitambaa chenyewe hakikuwahi kuvuka Bahari ya Hindi. Ndivyo nilivyovisoma vitambaa vilivyochapwa kwa kumbukumbu ya Maonyesho ya Kimataifa ya Philadelphia ya mwaka 1876, ambavyo leo vimetunzwa katika makumbusho na makabati ya wakusanyaji wa Marekani. Ni vitambaa vya pamba, vya kufunga shingoni au kutundika ukutani, vilivyotengenezwa kwa miundo mingi. Kwenye pindo utakuta nyota, bendera au majani. Kwenye mji kuna picha za majengo ya maonyesho, kila jengo na jina lake chini. Na pale ambapo kwenye kanga ungetafuta jina, unakuta tai aliyekunjua mbawa, mdomoni ameshika utepe wenye maneno matatu ya Kilatini: "E pluribus unum". Kutoka kwa wengi, mmoja.

Kanga hutumia lugha ya aliyeivaa na ya jirani anayelengwa. Kitambaa hiki kilitumia lugha ambayo hakuna mama yeyote wa Philadelphia aliyemwimbia mtoto wake. Nadhani hilo si jambo dogo. Maneno ya lugha isiyo ya mtu yeyote hayajibiki. Hukaa juu ya kitambaa kama muhuri juu ya hati, nawe huulizwi kama unakubali. Ndiyo maana nataka kuyasoma polepole, kisha niulize swali ambalo mwanamke wa Mombasa angeuliza mara moja akiona leso mpya dukani: maneno haya anaambiwa nani?

Tuanze na mji. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 10 Mei 1876 katika bustani ya Fairmount, kuadhimisha miaka 100 tangu Marekani itangaze uhuru katika mji huohuo. Nchi 37 zilishiriki. Kutoka Afrika zilikuwapo Misri, Tunis na dola la Makaburu la Orange Free State. Jengo Kuu lilikuwa na urefu wa zaidi ya nusu kilomita. Katika Jumba la Mitambo ilisimama injini ya mvuke ya George Corliss, yenye nguvu za farasi 1,400, ambayo peke yake iliendesha mitambo iliyojaa jumba zima. Siku ya ufunguzi, Rais Ulysses S. Grant na Mfalme Dom Pedro wa Pili wa Brazili waliiwasha kwa pamoja. Mwezi Juni, Alexander Graham Bell aliwaonyesha waamuzi simu yake. Baadaye ulifika mkono wa Sanamu ya Uhuru ulioshika mwenge, mkono mtupu usio na mwili, na watu wakalipa ili wapande hadi juu yake.

Kiingilio kilikuwa senti 50, na Jumapili malango yalifungwa, siku ambayo ndiyo pekee mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na nafasi. Hata hivyo, hadi maonyesho yalipofungwa tarehe 10 Novemba, malango yalikuwa yamehesabu karibu watu milioni 10. Wengi walitaka kurudi nyumbani na kitu, na kitambaa cha pamba kilikuwa chepesi, hakivunjiki na kilikunjika mfukoni. Tena kilieleweka hata na asiyejua kusoma: hili ndilo jengo nililoliona, hii ndiyo bendera.

Teknolojia nayo ilikuwa tayari. Tangu mwaka 1783, Thomas Bell, Mskoti, alipopata hataza ya kuchapa nguo kwa silinda za shaba zilizochorwa, picha iliweza kurudiwa mita baada ya mita bila kuchoka. Rangi nyekundu, ambayo kwa karne nyingi ilitoka kwenye mizizi ya mmea, ilianza kutengenezwa na wanakemia kutoka lami ya makaa ya mawe miaka michache kabla ya maonyesho. Leso zilitoka kiwandani zikiwa zimeshikana kwenye ukanda mrefu, moja baada ya nyingine, na muuzaji alizikata. Msomaji auweke ukanda huo akilini. Tutauhitaji tukifika Zanzibar.

Philadelphia yenyewe ilikuwa na historia ya nguo za namna hii. John Hewson, mchapaji aliyetoka Uingereza, alifungua karakana yake hapo kabla ya vita vya uhuru, na wanahistoria humhusisha na kitambaa chenye picha ya George Washington akiwa juu ya farasi, mojawapo ya vitambaa vya kwanza vya kisiasa kuchapwa Marekani. Mwaka 1788, mji ulipoandamana kusherehekea katiba mpya, Hewson alipanda kwenye gari la maandamano akiwa na mkewe na binti zake wamevaa nguo alizozichapa mwenyewe, huku kazi ya kuchapa ikifanywa mbele ya umati. Kwa hiyo leso ya mwaka 1876 ilikuwa ikifuata ada ya mji: ukiwa na taifa changa na huna uhakika kama litasimama, lichape kwenye pamba uwavike watu.

Sasa jina. Mwaka 1776 Baraza la taifa liliwapa Benjamin Franklin, John Adams na Thomas Jefferson kazi ya kubuni nembo. Nao walimwita msanii, Pierre Eugène du Simitière, na maneno haya matatu yakaingia kwenye pendekezo lao. Pendekezo lilikataliwa, ila maneno yalinusurika, na mwaka 1782 yakawekwa kwenye nembo rasmi. Ukiyahesabu, yana herufi 13, sawa na makoloni 13 yaliyokuwa yameungana. Hayakuwa maneno mageni kwa waliojua kusoma: jarida moja maarufu la London, The Gentleman's Magazine, lilikuwa likiyachapa kwenye ukurasa wake wa mbele kwa miaka mingi, likimaanisha kwamba limekusanya habari kutoka magazeti mengi na kuzifanya moja. Wanazuoni huyafuata nyuma zaidi, hadi shairi la Kilatini liitwalo Moretum, ambalo zamani lilidhaniwa kuwa la Virgil. Linamsimulia mkulima maskini anayeamka alfajiri, anatia kitunguu saumu, jibini na majani mabichi kwenye kinu, na kutwanga mpaka rangi zote zinapotea na kubaki moja.

Nililipenda asili hiyo nilipoijua, kwa sababu kinu nakifahamu. Nayo inaeleza kitu ambacho utepe wa tai hauelezi. Vitu vingi havigeuki kimoja kwa kutangaziwa, vinatwangwa. Kuna mkono ulioshika mchi na kuna kilicho chini ya mchi, na ukitaka kujua habari za umoja wowote, inafaa uulize habari za pande zote mbili.

Chini ya mchi, mwaka 1876, walikuwako wengi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka 11 nyuma. Watu weusi waliokuwa watumwa walikuwa raia kwa mujibu wa katiba, na wanaume wao walikuwa na haki ya kupiga kura. Tarehe 14 Aprili ya mwaka huo, Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na kuwa msemaji mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, alihutubia mjini Washington mbele ya Rais Grant katika uzinduzi wa mnara wa Abraham Lincoln, uliogharimiwa kwa michango ya watu waliotoka utumwani. Majuma manne baadaye alialikwa kuketi jukwaani kwenye ufunguzi wa Philadelphia. Alifika na mwaliko wake. Polisi walimzuia, hawakuamini kwamba mtu mweusi angeweza kuwa na nafasi pale. Aliingia tu baada ya Seneta Roscoe Conkling kumtambua na kumwombea njia. Aliketi. Hakupewa nafasi ya kusema neno.

Nikiyaweka matukio haya mawili pamoja, naona sura kamili ya "wengi" na "mmoja". Mwezi Aprili Douglass alizungumza kwa sababu mnara ulikuwa wa watu wake, wamelipa wenyewe. Mwezi Mei sherehe ilikuwa ya taifa zima, na katika taifa zima yeye alikuwa wa kutazamwa, si wa kusikilizwa.

Ndani ya bustani mambo yalikuwa hivyohivyo. Watu weusi walinyimwa kazi katika ujenzi wa majumba yaleyale yaliyochapwa kwenye leso. Kulikuwa na mgahawa ulioitwa The South, ambako wanamuziki weusi waliwaigizia wateja maisha ya mashamba ya watumwa, wakiimba kana kwamba enzi hizo zilikuwa za furaha. Lakini kulikuwa pia na mambo yasiyotoshea ndani ya mgahawa huo. Edmonia Lewis, mchongaji mwanamke aliyekuwa na asili ya Kiafrika na ya Waojibwe, alileta kutoka Roma sanamu kubwa ya marumaru ya Cleopatra akiwa ameshakufa juu ya kiti chake cha enzi. Baadaye sanamu hiyo iliwekwa juu ya kaburi la farasi wa mashindano, ikapotea machoni pa watu kwa miongo mingi, na leo iko katika makumbusho ya Smithsonian. Na mwezi Novemba, waumini wa kanisa la African Methodist Episcopal walifanikiwa kuzindua katika bustani hiyo sanamu ya kichwa ya Richard Allen, mwasisi wao. Maonyesho yalikuwa yamebakiza siku chache tu kufungwa.

Wanawake nao walikuwa na jambo. Tarehe 4 Julai, katikati ya sherehe rasmi mjini, Susan B. Anthony na wenzake walipanda jukwaani bila ruhusa na kukabidhi tamko la haki za wanawake, kisha wakatoka nje na kulisomea umati. Siku hizohizo magazeti yalianza kuleta habari kwamba Walakota na Wacheyenne wamemshinda Jenerali Custer huko Little Bighorn. Na tarehe 7 Novemba ulifanyika uchaguzi wa rais ambao matokeo yake yalizozaniwa miezi kadhaa. Maonyesho yalifungwa siku tatu baadaye nchi ikiwa haijui nani amechaguliwa. Ugomvi ulipomalizika mwaka 1877, Rutherford Hayes alipata urais, na askari wa serikali kuu waliokuwa wakilinda serikali za mwisho za majimbo ya Kusini zilizopata madaraka kwa kura za weusi walirudishwa kambini. Ulinzi ukaondoka nao. Kura za watu weusi wa Kusini zikaanza kufifia mpaka zikawa karibu hakuna, kwa karibu karne nzima.

Hakuna lolote kati ya haya lililochapwa kwenye kitambaa, na sikutarajia lichapwe. Nguo ya kumbukumbu hutengenezwa kabla ya sherehe. Inakumbuka kitu ambacho bado hakijatokea. Mchapaji huchora silinda zake akiwa amekwisha kuamua siku ile itakuwaje.

Lakini kuna jambo moja ambalo kitambaa hakikuweza kulikwepa, nalo ni pamba yenyewe.

Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, Marekani ilikuwa nguo kabla haijawa nchi. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akaanza kazi ya ubalozi Zanzibar. Meli za Salem zilileta vitambaa vizito vya pamba visivyopaushwa, vilivyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, na zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Watu wakakiita kitambaa hicho merikani. Kilisafiri na misafara hadi Tabora na Ujiji, na huko bara kilikuwa fedha: mkono, shuka ya mikono minne, doti ya mikono minane, jora. Hongo ililipwa kwa merikani, mpagazi alilipwa kwa merikani. Pamba iliyofumwa Massachusetts ilichumwa Kusini na watumwa. Kwa hiyo mkono wa mtumwa wa Mississippi ulifika Unyanyembe ukiwa kipimo cha bei, na wakati mwingine ukanunua mtu mwingine wa kuwa mtumwa. Nimejaribu kutafuta namna laini zaidi ya kulisema hilo, nikaona halina ulaini.

Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliikausha bidhaa hiyo. Nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi yake, na merikani haikurudi tena kwenye enzi yake. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar, na mwaka 1876, mwaka uleule wa maonyesho, akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Dom Pedro, aliyefungulia mvuke Philadelphia, alitawala nchi ambayo utumwa ulibaki halali hadi mwaka 1888. Ukiutazama mwaka huo ukiwa pwani yetu, hadithi ya maendeleo iliyochorwa kwenye leso haiendi kwa mstari ulionyooka hata kidogo.

Na ni katika miongo hiyo leso zilizochapwa viwandani zilipofanya jambo ambalo wachapaji hawakulikusudia. Neno lenyewe, leso, limetoka kwenye Kireno, lenço, kitambaa cha mkono. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikwenda dukani wakakuta ule ukanda wa leso zilizoshikana, na badala ya kukata moja moja, wakanunua sita. Wakakata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakavishona pamoja kwa urefu, wakapata vazi pana la kujifunga. Hilo likaitwa leso ya kushona. Wafanyabiashara walipoona mtindo unashika, wakaagiza kipande kizima kilichochapwa kwa vipimo hivyo, na kanga ikazaliwa. Hadi leo Mombasa wanaiita leso, wakati Dar es Salaam ukiomba leso utapewa ya kufutia jasho. Na hadi leo kanga huuzwa kwa doti, kipimo kilekile cha merikani.

Maneno yalikuja baadaye, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kama "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa alieneza desturi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo ndipo njia za leso mbili zilipoachana. Ile ya Philadelphia ilibaki na tai na Kilatini chake. Ya kwetu ikaanza kusema. Mke anamsema mke mwenzake, mkwe anajibu, mama anambariki binti, jirani anaambiwa ayaache ya watu. Anayesemwa anajua anasemwa, na kesho naye atakwenda dukani kutafuta jina la kujibu.

Sisemi hivyo ili kuipamba kanga. Nasi tunazo nguo zetu za tai. Kila sherehe ya taifa, kila kampeni, kila mgeni mkubwa ana kanga yake, na nyingi zinapendeza. Mwaka 2008 mwanamume ambaye baba yake alitoka Kogelo alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani, kanga zilichapwa zenye picha yake mjini na maneno "Hongera Barack Obama". Leso ilikuwa imerudi ilikotoka kwa njia ndefu: pamba iliyochapwa, sura ya rais wa Marekani, na safari hii Kiswahili mahali pa Kilatini. Kutumia lugha yetu hakuiondolei nguo ya kumbukumbu tabia yake. Nayo imeandikwa kabla. Nayo inaamua kwa niaba yetu nini cha kushangilia. Tofauti ni kwamba neno "umoja" likiwa kwenye kanga, mwanamke anayekosa maji bombani analielewa na anaweza kulicheka. Utepe wa Kilatini haumpi mtu nafasi ya kucheka.

Jumba la Kumbukumbu la Philadelphia, mojawapo ya majengo yaliyochapwa mjini mwa leso zile, bado limesimama. Tangu mwaka 2008 ni makumbusho ya watoto. Jengo Kuu halipo tena. Maneno ya utepe yapo kwenye sarafu za Marekani, yakipita mikononi mwa watu kila siku. Kwa Douglass hayakuwa ya uongo kabisa wala ya kweli kabisa; alitumia maisha yake kuyadai, kama mtu anayedai deni lililoandikwa kwenye hati ambayo mdaiwa mwenyewe aliitia saini. Pengine hiyo ndiyo kazi bora ambayo maneno makubwa ya namna hii yanaweza kufanya. Na anayedai huanza kwa kuyatafsiri.